Kiti cha Mdhamini



Ukiwa Unguja, ukatoka bandarini na kuifuata barabara ya Mizingani kuelekea Forodhani, mkono wa kushoto utaliona jengo refu lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Wenyeji wanalijua kama Dispensari ya Zamani. Wageni hulipiga picha, lakini wachache huambiwa kwamba lilikusudiwa liwe hospitali kamili, na kwamba hospitali hiyo haikupata kuwapo.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa akisimamia ushuru wa forodha wa Sultani. Mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 katika kiti cha enzi, Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali ya hisani. Fedha alikuwa nazo, nia alikuwa nayo, na mafundi wa kuchonga waliletwa kutoka India. Mwaka 1891 akafariki, jengo likiwa halijakwisha. Mjane wake alilisimamia likamalizika mwaka 1894, na hapo ndipo mambo yalipokwama: jengo lilikuwepo, hospitali haikuwepo. Mwaka 1900 likauzwa. Bahati njema, lilinunuliwa kwa mali ya hisani iliyoachwa na mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed. Chini pakafunguliwa dispensari ya kuwahudumia watu, ghorofa za juu zikawa makazi. Jina la jengo lilitoka hapo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao hatuwazungumzi. Tunamsifu daktari, na anastahili. Tunamsifu mfadhili, tunampiga picha akikabidhi hundi kubwa ya karatasi. Katikati yao wapo watu wanaokaa mezani jioni, mafaili mbele yao, wakiuliza ile hundi ilikwenda wapi. Hao ni wadhamini na wajumbe wa bodi za mashirika ya hisani yanayozisaidia hospitali zetu. Wengi wao hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Msimamo wangu, na nitautetea mpaka mwisho wa mazungumzo haya, ni kwamba hospitali ya hisani hufa au huishi kwa sababu ya watu hao, kuliko hata kwa sababu ya ukubwa wa mchango.

Tutoke Unguja, twende London. Ipo hospitali ya watoto inayoitwa Great Ormond Street. Mwaka 1929 mwandishi J. M. Barrie aliipa hospitali hiyo haki zote za kitabu na tamthilia yake ya Peter Pan. Kila ilipochezwa jukwaani, kila kitabu kilipouzwa, hospitali ilipata chochote. Barrie alifariki 1937, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo haki za mwandishi zilikoma miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwisho wa mwaka 1987 chemchemi hiyo ilikauka. Sasa sikiliza kilichofanyika. Wadhamini wa hospitali walikuwa wakiongozwa na mama mmoja, Audrey Callaghan, ambaye alikuwa ameitumikia hospitali ile kwa miaka mingi. Mumewe, James Callaghan, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1976 hadi 1979, na wakati huo alikuwa katika Baraza la Malodi. Akapeleka hoja, na katika sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988 kikaingizwa kifungu maalumu kinachoipa hospitali hiyo haki ya kulipwa mrabaha wa Peter Pan nchini Uingereza bila ukomo.

Unaweza kusema, huyo alikuwa na mume mkubwa. Ni kweli. Lakini wake wa wakubwa duniani ni wengi, na zawadi zilizopotea kwa kukosa mtu wa kuzifuatilia ni nyingi zaidi. Ilimpasa mtu ajue kwamba tarehe inakuja. Ilimpasa mtu ajue kwamba kuna mkataba kabatini, unasema nini, na unakoma lini. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwenye hafla ya chakula cha jioni. Unapatikana kwa mtu aliyeketi na makabrasha, akasoma hata yale yanayochosha.

Hapa kwetu, mdhamini si jina la heshima tu, ni cheo cha kisheria. Tanzania Bara, bodi za wadhamini husajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Kenya wana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na ikasubiri mpaka Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Na kabla ya sheria hizo zote, Waislamu wa mwambao huu walikuwa na wakfu na mutawalii wake, yaani msimamizi. Mtu akiweka wakfu shamba la minazi kwa ajili ya msikiti au wanafunzi, mutawalii hana hata nazi moja ya kwake katika shamba hilo, isipokuwa kile alichoruhusiwa. Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri: mali ikishatolewa kwa ajili ya Mungu, anayeishika ameshika mali ya watu wasioweza kumdai. Yatima hawezi kumdai. Mgonjwa aliyelala hana nguvu ya kumdai. Kwa hiyo uaminifu wa mshikaji ndio ulinzi pekee walio nao.

Niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaoitwa kwenye bodi hukubali kabla ya kuijua.

Tuchukulie hospitali ya wilaya yenye mfuko wa hisani. Kikundi cha wafanyabiashara wamechanga fedha, wakaandika kwenye barua kwamba ni za kununua vifaa vya watoto njiti. Fedha ziko benki. Mwezi huohuo gari la wagonjwa limeharibika, na mganga mfawidhi anakuja kwenye kikao akiwa amechoka, anaeleza kwa uchungu kwamba kuna kinamama wanachelewa kufikishwa hospitali ya rufaa. Anaomba fedha za njiti zitengeneze gari kwanza, zitarudishwa. Hakuna mwizi katika kikao hicho. Ombi ni la kweli na uhitaji ni wa kweli. Hapo ndipo mdhamini hupimwa. Akisema "tumia tu," amevunja neno la waliotoa, na siku wakija kuuliza mashine zetu ziko wapi, hawatachanga tena, wala jirani zao hawatachanga. Akisema "haiwezekani" akafunga faili, amekuwa karani. Mdhamini mzuri hunyanyua simu palepale, huwaeleza watoaji hali ilivyo, huomba ridhaa yao kwa maandishi, na wakikataa huanza kutafuta fedha za gari mahali pengine kesho yake asubuhi. Na yote hayo yanaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Dirisha la ustawi wa jamii nalo lina uzito wake. Kila aliyewahi kuuguza katika hospitali kubwa za Tanzania anakijua kile chumba anamoketi afisa ustawi wa jamii, na nje yake benchi, na kwenye benchi watu wenye karatasi za bili mikononi. Wanakuja kuomba msamaha wa gharama. Serikali ina utaratibu wa misamaha, lakini hospitali ikisamehe, dawa iliyotumika haijirudishi yenyewe stoo. Mahali penye mfuko wa hisani unaoongozwa vizuri, mfuko huo hulipa sehemu ya pengo hilo. Basi bodi lazima iamue: nani anasaidiwa, kwa kiwango gani, nani anathibitisha kwamba kweli hana, na inachukua siku ngapi? Bodi isipoweka utaratibu, msaada huenda kwa anayemjua mtu. Mtoto wa diwani atasaidiwa Jumatatu, na mama aliyetoka kijijini na mtoto mgongoni ataambiwa arudi wiki ijayo. Mimi naamini hakuna kazi ya bodi iliyo tukufu kuliko kuandika ukurasa mmoja wa masharti ya haki juu ya jambo hilo, kisha kuhakikisha unafuatwa.

Kiongozi mwenye akili huuliza pia kwa nini mgonjwa hafiki kabisa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hapa Dar es Salaam. CCBRT ilianzishwa mwaka 1994 kuwahudumia watu wenye ulemavu, na baadaye ikawa hospitali kubwa kule Msasani. Miongoni mwa wagonjwa wake ni kinamama wenye fistula ya uzazi, jeraha la kujifungua kwa shida na kwa muda mrefu, linalomfanya mwanamke avujwe na mkojo au haja kubwa bila kujizuia, mpaka mara nyingine mume anaondoka na majirani wanamkwepa. Upasuaji ulikuwa bure. Bado wengi hawakuja. Wakati mwingine bodi na watendaji wanaokutana na hali hiyo huchapisha mabango zaidi. CCBRT waliangalia safari ya mgonjwa wakakuta kizuizi ni nauli. Mwanamke wa mbali, asiye na kipato, aliyetengwa, atapata wapi fedha ya basi mpaka Dar es Salaam? Basi mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Katika vijiji na miji walikuwepo mabalozi, watu wa kujitolea wa kuwatambua kinamama hao. Balozi akimpata mgonjwa, anapokea nauli kwenye simu, anamkatia tiketi, anampandisha basi. Mgonjwa akifika hospitali, balozi anatumiwa kiasi kidogo cha ahsante.

Tazama uongozi uliomo humo. M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu Tanzania. Kulikuwa na hatari ya fedha kupotea mikononi mwa watu. Lazima palikuwa na maswali ya mkaguzi. Lakini malipo ya shukrani yalipangwa yaje baada ya mgonjwa kufika, kwa hiyo uaminifu uliwekewa ngao. Ngao hiyo ilikuwa kwenye mpango wenyewe, na kupanga ndiyo kazi ya viongozi. Sijui kama wale waliopitisha uamuzi huo waliwahi kupewa cheti. Natamani wangepewa.

Sasa niguse jambo ambalo viongozi wengi wa hisani huona aibu kulitenda: kukataa zawadi. Ndugu zetu walioko Uingereza, Ujerumani, Marekani na Ghuba wanaipenda nyumbani. Wanasikia hospitali fulani kule inaondoa mashine za zamani, wanajichanga, wanapakia kontena. Inafika bandarini. Nani analipa gharama za kuitoa? Kama msamaha wa kodi haukuombwa mapema, tozo za kuhifadhi zinapanda kila siku. Mashine inafika hospitali; umeme wake ni wa aina nyingine, maelekezo yake hayasomeki, vipuri havipatikani, vitendanishi vyake vinauzwa na kampuni moja tu ng'ambo, na fundi wa vifaa tiba hajawahi kuiona. Inafunikwa shuka. Inakaa koridoni. Aliyeituma anajivunia, na anayo haki, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ukweli.

Mwenyekiti wa bodi anayeandika barua ya heshima akasema, "Ndugu yetu, tunakushukuru, lakini kwa fedha za kusafirishia mashine hiyo tungepata mashine mpya inayotengenezwa na fundi wa hapa; tunaomba utusaidie hivyo," huyo ameisaidia hospitali kuliko aliyepokea makontena kumi kwa vigelegele. Inahitaji ujasiri, kwani sisi tumelelewa kwamba zawadi hairudishwi. Lakini zawadi ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mdhamini hana ruhusa ya kuipokea kwa ajili ya kumfurahisha mtoaji.

Kuna uongozi mwingine unaovuka hata ukuta wa hospitali. Hapa Tanzania taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, imekuwa ikipeleka vifaa katika wodi za watoto njiti. Vifaa ni vizuri. Ila waliokaa karibu na wodi hizo waligundua kwamba mama aliyejifungua kabla ya wakati hutumia likizo yake ya uzazi hospitalini, kisha anatakiwa kazini mtoto akiwa bado hajafikia hata siku aliyopaswa kuzaliwa. Wakaisema hoja hiyo mwaka baada ya mwaka, kwa wabunge na kwa serikali, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa ili wazazi wa watoto njiti waongezewe likizo. Mashine moja huhudumia wodi moja, lakini sheria hiyo inamfikia mama wa njiti aliyeajiriwa popote Tanzania Bara.

Nije kwenye posho, maana najua kuna mtu anasubiri nilifikie.

Mimi nasema wazi: mtendaji wa shirika la hisani alipwe, na alipwe vizuri. Mhasibu alipwe. Anayeshinda ofisini kuanzia asubuhi mpaka jioni akiandika maombi ya fedha, akifuatilia hospitali, akijibu wafadhili, huyo ana watoto wa kusomesha. Tukimlipa kidogo kwa kisingizio cha kwamba ni kazi ya huruma, ataondoka, au atatafuta njia nyingine. Lakini mdhamini ni habari tofauti. Mdhamini ndiye anayepanga mshahara wa mtendaji na ndiye anayekagua matumizi. Akianza kula posho ya kikao, vikao vitaongezeka. Vikao vya dharura vitazaliwa. Semina za kujengeana uwezo zitafanyika hotelini Bagamoyo. Arudishiwe nauli yake, apewe chai na chapati, basi. Kama hawezi kutoa jioni moja kwa mwezi bila bahasha, hakuna ubaya, aseme tu hapana mapema, maana bodi si mahali pake.

Na mwenye duka la dawa akiwa mjumbe wa bodi, siku ya kujadili zabuni ya dawa atoke nje ya chumba. Siyo akae kimya mezani, atoke nje. Kimya cha mtu aliyeketi husikika pia.

Msidhani haya ni matatizo ya nchi maskini. Mwaka 2020, wakati wa korona, mzee mmoja wa Uingereza, Kapteni Tom Moore, aliamua kutembea mizunguko 100 kwenye bustani yake kabla ya kutimiza miaka 100. Alitaka kukusanya pauni 1,000 kwa ajili ya hisani za hospitali za umma. Dunia ikaguswa, na zikakusanyika karibu pauni milioni 33. Fedha hizo zilikwenda kwenye muungano wa hisani za hospitali, ambao ulikuwa na mfumo wa kuzigawa. Baadaye familia ikaanzisha taasisi yake yenye jina la mzee. Mzee akafariki Februari 2021. Tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ikachunguza taasisi hiyo, na ripoti yake ya Novemba 2024 ikasema binti wa mzee na mumewe walikuwa na mwenendo mbaya mara kwa mara na kujinufaisha kwa jina la taasisi. Wote wawili walizuiwa kuwa wadhamini kwa miaka kadhaa. Mzee ni yuleyule, jina ni lilelile, upendo wa watu ni uleule. Mahali palipokuwa na usimamizi wa watu huru, fedha zilifika. Pale shirika na familia vilipochanganyika, jina la mzee aliyetembea kwa taabu bustanini mwake likapakwa matope. Tunaoanzisha taasisi kwa majina ya wazazi wetu waliofariki, na tupo wengi, tuisome habari hiyo kwa makini. Usijaze bodi kwa ndugu zako. Mweke hata mtu mmoja anayeweza kukuambia hapana bila kuogopa kukosa nyama ya Idi.

Labda utauliza, kwa nini niyaseme haya sasa? Kwa sababu Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na katika nchi zetu miradi ya Ukimwi, kifua kikuu na uzazi ikatikisika ndani ya siku chache. Watumishi waliambiwa wasije kazini. Wagonjwa walikuta milango imefungwa. Lilikuwa jambo la kuumiza, na mimi sitalipamba. Lakini pia lilituonyesha ni nani alikuwa na mizizi. Shirika ambalo bodi yake ilikuwa ya kusaini tu ripoti za mfadhili mmoja halikuwa na pa kushika. Shirika lenye wadhamini waliokuwa wamezoea kuomba mchango kwa benki ya hapa, kwa wafanyabiashara wa hapa, kwa misikiti na makanisa ya hapa, angalau lilikuwa na namba za simu za kupiga.

Na kuchanga si jambo tunalohitaji kufundishwa. Nairobi, mbio za Hospitali ya Mater za kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto wa familia zisizo na uwezo zimekuwa zikikusanya maelfu ya watu mitaani. Na nani asiyejua kamati zetu za harusi? Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi, ahadi, kundi la WhatsApp, na mtu wa kuwakumbusha wenye ahadi bila huruma. Ndani ya miezi mitatu mamilioni yamepatikana, ukumbi umelipwa, watu wamekula. Wengi husema basi tufanye vivyo hivyo kwa hospitali. Mimi nakubali nusu. Kamati ya harusi ina nguvu kwa sababu ina siku ya mwisho. Harusi ikipita, daftari linafungwa na kila mtu anakwenda kwake. Wodi ya watoto wenye saratani haina siku ya mwisho. Tumaini la Maisha, shirika linalowahudumia watoto wa saratani pale Muhimbili, haliwezi kufunga daftari baada ya miezi mitatu, kwa sababu matibabu ya mtoto mmoja tu yanaweza kuchukua miezi mingi au hata miaka, na muda wote huo mama yake anahitaji pa kulala, chakula, na nauli ya kurudi Kigoma kuwaona wengine. Kwa hiyo tunachokosa si moyo wa kuchanga. Tunakosa watu wanaobaki baada ya muziki kuzimwa.

Ni akina nani wabaki? Mara nyingi tukitafuta wajumbe wa bodi tunatafuta majina yatakayopendeza kwenye kadi ya mwaliko: mheshimiwa, balozi, mkurugenzi. Hao hawana muda. Watatuma salamu. Mimi ningemtafuta muuguzi mstaafu aliyefanya kazi wodini miaka thelathini, anayejua usiku dawa hupotelea wapi. Ningemtafuta mhasibu aliyestaafu serikalini na bado ana macho ya kusoma hati ya malipo. Ningemtafuta wakili kijana anayetaka kutumikia jamii, na fundi wa vifaa tiba, na mfanyabiashara wa soko kuu ambaye neno lake linaaminika kwa wenzake. Na ningemweka mama aliyewahi kuuguza katika wodi hiyohiyo. Siyo aje kutoa ushuhuda siku ya harambee kisha arudishwe nyumbani na kanga. Aketi mezani na apige kura. Anajua maji ya moto yanakatika saa ngapi. Anajua nani wodini huomba kitu kidogo. Hakuna mshauri wa kulipwa atakayekuletea taarifa hiyo. Kama anaona haya kusema mbele ya wasomi, mwenyekiti amwite kwanza, amwambie, "Mama, tuanze na wewe." Na kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, makabrasha yawe ya Kiswahili, ili asiwe pambo.

Kabla ya kukubali kiti, uliza mambo matatu au manne, wala usione soni. Omba hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Wakikwambia mkaguzi bado hajamaliza, subiri amalize. Omba katiba ya shirika uone mjumbe hukaa kipindi gani, kwa sababu bodi isiyo na ukomo hugeuka kuwa mali ya mtu. Uliza saini za benki ni za nani. Isiwe mtu mmoja, na wasiwe mume na mke. Kisha nenda hospitalini siku ambayo hujaalikwa, ukae kwenye benchi la wagonjwa, utazame. Ukitoka pale utajua kama unaitaka kazi hiyo au unataka cheo chake.

Ukishaingia, jiandae kwa jambo moja linalowashinda wengi: hutasifiwa. Daktari akimtoa mtoto kwenye mashine ya kupumulia, mama humkumbatia daktari. Wewe uliyekaa hadi saa tatu usiku mwezi uliopita ukibishana juu ya mkataba wa matengenezo ya mashine hiyo, mama hakujui, na hatakujua. Utakuwa umefanya kazi kwa ajili ya mtu ambaye hatakuja kukushukuru. Wapo watu walioumbwa kwa kazi ya namna hiyo. Kila mtaa unao. Ndio wale wanaoandika daftari la msiba kwa uaminifu mpaka shilingi ya mwisho.

Pale Muhimbili kuna jengo la wodi linaloitwa Sewahaji. Kila siku watu wanauliza, "Sewahaji ni wapi?" wanaelekezwa, wanapanda ngazi na vikapu vya uji. Jina hilo ni la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha za hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa Dar es Salaam miaka ya 1890, akafariki mwaka 1897. Sadaka yake ilipata watu wa kuishika, kizazi baada ya kizazi, kupitia Wajerumani, Waingereza na serikali yetu wenyewe. Majina ya hao walioishika katikati hayapo ukutani.

Wewe unayenisikiliza, kama umestaafu na una afya, kama unajua hesabu, sheria, uuguzi, ufundi au biashara, wiki hii nenda kwenye hospitali iliyo karibu nawe. Mwone mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii. Muulize kama kuna mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo, nani anausimamia, na lini hesabu zake zilikaguliwa. Kama upo, jitolee. Kama haupo, tafuta watu sita wenye sifa nilizozitaja, mwende mkajisajili, muanze. Namba za simu za kituo chetu mnazo. Atakayepata shida ya kuanza atuandikie, nasi tutamkutanisha na waliotangulia.